Nikiulizwa hali nasema "afadhali", lakini sijui kama kweli napona

Shikamoo dada,

Mimi ni fundi cherehani hapa Pasua, Moshi. Nina mimba ya wiki 27, ya pili. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka minne. Tangu wiki ya 18 hivi nasumbuliwa na kiuno na nyonga. Kiuno nimekizoea, hata mimba ya kwanza kiliniuma. Hii ya nyonga ndiyo mpya. Inauma chini ya vile vishimo viwili vya mgongoni, zaidi upande wa kulia, inaingia kwenye tako, na siku nyingine naisikia mbele kabisa, kwenye mfupa wa kinena, kama vile kuna kitu kinataka kuachana.

Usiku ndiyo adhabu. Kugeuka kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine nafanya kwa vituo: kwanza mabega, natulia, halafu nashika kingo ya kitanda, halafu ndiyo navuta magoti. Asubuhi siwezi tena kuvaa nguo ya ndani nikiwa nimesimama bila kuegemea ukuta. Na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikimaliza gauni moja nikainuka, hatua tatu nne za kwanza navuta mguu.

Kliniki nilieleza, nikaambiwa, "Hiyo kawaida ya mimba, mama, itaisha ukijifungua." Mara ya pili nikajibiwa hivyo hivyo, na kwenye kadi hakikuandikwa kitu. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenishauri nimwone mtaalamu wa fiziotherapia. Nimeshaenda mara tatu. Amenipa mazoezi ya kufanya nyumbani na mkanda wa kufunga nyonga. Kila nikifika ananiuliza, "Unaendeleaje?" Na mimi nasema, "Afadhali."

Tatizo langu, dada, ni hilo neno. Sijui kama ni afadhali kweli. Jumamosi nilifua, usiku nikalia. Jumapili nilipotoka kanisani nikalala mchana kutwa, Jumatatu nikaamka mwepesi, nikasema mazoezi yamejibu. Jumatano nikarudi kule kule. Mume wangu si mtu mbaya, ila kila safari ni nauli ya bajaji na hela ya matibabu, na wiki iliyopita aliniuliza kwa upole tu, "Hivi kuna mabadiliko?" Nikakosa jibu. Mama mkwe ametoka Kibosho kuja kutusaidia. Anasema yeye alishusha mikungu ya ndizi mpaka mjini akiwa na mimba ya miezi minane, wala hakuna aliyemfunga mkanda. Simjibu, namheshimu, lakini maneno yananiingia.

Homa ina kipimajoto. Presha ina mashine yake. Mtoto anapimwa tumboni kwa futi kama hii yangu ya kushonea. Haya maumivu yangu yanapimwa na nini? Nitajuaje kama naendelea vizuri, au napoteza hela, au ndiyo naharibika zaidi?

Fundi wa Pasua

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka mingi, na sehemu kubwa nimeifanya na wajawazito. Hilo neno "afadhali" nimelisikia kila siku ya kazi. Ni neno la adabu. Mgonjwa hulitoa ili asimvunje moyo aliyemhudumia, na mhudumu hulipokea kwa sababu foleni ni ndefu. Lakini afadhali kuliko lini? Na katika jambo gani? Pasipo majibu ya maswali hayo mawili, wewe na fizio wako mnasalimiana tu.

Kwanza niondoe hili la "kawaida". Ni kweli kwamba maumivu ya kiuno na nyonga huwapata wajawazito wengi, karibu nusu yao, na haya ya nyonga peke yake hukadiriwa kumpata mmoja kati ya watano. Ila jambo kuwapata wengi si sababu ya kuliacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito unalitaja tatizo hili kwa jina, unahimiza mazoezi, na unataja fiziotherapia na mikanda ya kushikilia nyonga miongoni mwa njia za kusaidia. Kwa hiyo ulichokifanya ndicho kinachoshauriwa. Mama mkwe mpe pole kwa mikungu aliyobeba, maana naye huenda aliumia na hakuwa na wa kumwambia.

Sasa tupime.

Mteja akija dukani kwako akakwambia, "Fundi, nimepungua," hukati kitambaa kwa maneno yake. Unazungusha futi pale pale ulipoizungusha mwanzo, juu ya nguo ileile nyepesi, unalinganisha na kilichoandikwa. Maumivu nayo ni hivyo hivyo. Hakuna mashine ya kuyaona, na picha ya eksirei haisomi uchungu. Anayeyajua ni wewe. Ila unaweza kuyapima mahali palepale, saa ileile, kwa swali lilelile, na hapo neno lako linakuwa kipimo.

Chukua lile daftari la kaunta unaloandikia vipimo vya wateja, ulifungue kwa nyuma. Chagua siku tatu za wiki na usizibadilishe. Mimi ningesema Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, jioni ukishakula. Jumamosi usiiruke kwa sababu ni siku ya kufua. Ukiruka siku mbaya daftari litakusifia bure. Wala sikuambii uandike kila siku, maana sitaki ukae unasikiliza nyonga usiku na mchana.

Swali la kwanza: katika saa 24 zilizopita, maumivu yalipozidi kabisa yalikuwa ngapi, kutoka 0 hadi 10? Sifuri ni hakuna, 10 ni makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Wanawake waliokwisha kuzaa mara nyingi huweka uchungu wa kuzaa pale kwenye 10. Ni sawa, mradi 10 yako isihame. Andika namba mbili, moja ya kiuno na moja ya nyonga, kila moja na safu yake. Hayo ni maumivu mawili tofauti hata kama yanakaa nyumba moja, na mazoezi yanaweza kulisaidia moja huku jingine likibaki. Ukiyachanganya hutajua. Na kabla hujaandika ya leo, funika za juzi kwa kipande cha karatasi, zisikuongoze mkono.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea. Angalia Jumatatu yako ile. Uliamka mwepesi, ukasema mazoezi yamejibu. Lakini Jumapili ulilala mchana kutwa! Namba ya maumivu ingeshuka hata bila zoezi moja. Mtu anaweza kutoka 7 hadi 3 kwa sababu tu ameacha kushona, ameacha kufua, hapandi ngazi, anakaa. Hajapona huyo, maisha yake ndiyo yamepungua. Na mwingine yuko 6 wiki zote, lakini mwanzoni alikuwa 6 kwa kushona nusu saa na sasa ni 6 kwa kushona asubuhi nzima. Huyo anapona, na asipoandika kazi zake atakata tamaa bila sababu.

Kwa hiyo swali la pili ni la kazi. Taja mambo matatu ambayo nyonga imekunyang'anya au imeyafanya magumu, mambo unayoyafanya karibu kila siku. Umeshanitajia mwenyewe: kugeuka kitandani, kuvaa nguo ya ndani ukiwa umesimama, na kukanyaga cherehani kwa saa moja mfululizo. Kila moja lipe namba 0 hadi 10, ila hapa ngazi imegeuka. Sifuri maana yake siwezi kabisa, 10 maana yake nafanya kama kabla ya mimba. Juu ya safu hiyo andika kwa herufi kubwa JUU NI NZURI, kwa sababu kwenye maumivu namba kubwa ni mbaya na kwenye kazi namba kubwa ni njema. Nimeshaona hata wahudumu wakichanganya. Njia hii ya mgonjwa kuchagua kazi zake mwenyewe ilitoka kwa mafizio wa Canada mwaka 1995, na mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu haimuulizi mwanamke wa Pasua habari za maisha ya mtu mwingine.

Tuseme leo nyonga ni 7. Kugeuka kitandani 3, kuvaa 4, cherehani 2. Jumlisha kazi upate 9, gawa kwa tatu: wastani 3. Baada ya wiki tatu nyonga ni 6, kugeuka 5, kuvaa 5, cherehani 5. Wastani 5. Ukiniletea mimi daftari hilo nitasoma hivi: maumivu yameshuka kwa pointi moja, na pointi moja siiamini, maana inaweza kuwa hali ya hewa, usingizi au kikombe cha chai. Kwenye ngazi ya 0 hadi 10 sisi husubiri mabadiliko ya pointi 2 hivi ndipo tuseme kuna jambo. Lakini wastani wa kazi umepanda kwa 2, na cherehani peke yake imepanda kwa 3. Hayo ni mabadiliko ya kweli. Kwa kazi moja moja nataka nione pointi 3, kwa wastani wa zote 2 zinatosha. Hapo mumeo akikuuliza una jibu, na jibu lenyewe ni zuri, ingawa ukiulizwa "bado inauma?" ungesema ndiyo.

Usilinganishe siku na siku. Ile Jumatano iliyokurudisha kule kule haina maana peke yake. Chukua namba tatu za wiki, tafuta wastani, ulinganishe wiki na wiki. Pembeni acha nafasi ya maneno machache: "nimefua", "nimeshona sare mbili", "mkanda sikuvaa", "nimemeza parasetamoli". Hayo ndiyo yatakayoeleza kwa nini Alhamisi fulani imeruka.

Kuna jambo jingine linalowavunja moyo wajawazito, na naomba ulielewe mapema. Mgonjwa wa kawaida wa mgongo akija kwangu, mwili wake wa wiki ijayo ni uleule wa wiki hii. Wako sivyo. Tumbo linakua, uzito unaongezeka, viungo vya nyonga vinalegea kidogo kujiandaa na uzazi, mwendo unabadilika. Wengi huona maumivu yakipanda kadiri wanavyokaribia miezi ya mwisho. Kwa hiyo ukifika wiki ya 32 na namba zako zikawa zilezile za wiki ya 27, usiandike "hakuna mabadiliko" ukaacha mazoezi. Mzigo umeongezeka na wewe umebaki palepale. Mbele ya mumeo na mbele ya fizio wako litamke hivyo hivyo.

Tuje kwa fizio. Daftari ni lako, lakini yeye naye ana vipimo vyake, na una haki ya kumwomba avitumie na akuambie namba. Kimoja ni cha kuinua mguu, ambacho watafiti wa Uholanzi wamekifanyia kazi sana. Unalala chali, miguu imenyooka, nyayo zimeachana kama sentimita 20, halafu unainua mguu mmoja sentimita 20 bila kukunja goti. Unasema mwenyewe ugumu wake: 0 si mgumu hata kidogo, 5 haunyanyuki. Unarudia kwa mguu wa pili, mnajumlisha, mnapata namba kati ya 0 na 10. Kisha arudie akiwa amekubana nyonga kwa mikono, au umevaa ule mkanda. Mguu uliokuwa mzito kama gunia ukinyanyuka kirahisi, mnajua mkanda una kazi kwako. Kulala chali kwa dakika hiyo moja hakuna shida; ukisikia kizunguzungu geuka ubavu wa kushoto, muendelee baadaye. Mwombe akufanyie kila baada ya wiki mbili, na namba iandikwe.

Kipo pia kidodoso kilichotengenezwa Norway mwaka 2011, mahsusi kwa maumivu haya ya nyonga wakati wa mimba na baada ya kujifungua. Kina maswali 25: 20 ya shughuli na matano ya dalili, kama vile kukatika usingizi au mguu kukulegea ghafla. Kila swali lina jibu la 0 hadi 3, kwa hiyo jumla kubwa ni 75, nayo hugeuzwa kuwa asilimia. Ukipata 45, wewe ni 60 kwa 100; kadiri namba inavyoshuka ndivyo unavyopona. Swali moja linahusu kusukuma toroli la dukani, ambalo wengi wetu hatuna habari nalo. Lakini lipo jingine linalouliza kusukuma kitu kwa mguu mmoja. Nilipokisoma mara ya kwanza niliwafikiria mafundi wa cherehani za kukanyaga, na leo nimekufikiria wewe.

Kwa kiuno fizio anaweza kukupa karatasi nyingine yenye sehemu kumi, na sehemu moja inahusu tendo la ndoa. Hapo wanawake wengi huacha wazi kwa aibu. Ukiona huwezi kujibu, acha tu. Hesabu hugawanywa kwa 45 badala ya 50 na kipimo kinabaki salama. Kibaya ni kuandika sifuri ya uongo.

Kama huyo fizio wako hapimi kitu chochote, anauliza tu "unaendeleaje", mwombe kwa heshima aanze. Akikataa, Moshi si mji wa kukosa wataalamu. Hospitali ya KCMC kwa mfano ina huduma hiyo, na kwenye chuo chake kikuu fani yenyewe inafundishwa. Na kliniki ijayo usiseme "naumwa nyonga". Fungua daftari useme: "Nyonga ya kulia imekuwa 7 kwa wiki tatu, naamka usiku kila nikigeuka, na kukanyaga cherehani saa moja siwezi." Ni vigumu zaidi kumjibu mtu wa namna hiyo kwa "kawaida".

Yapo ambayo hayaandikwi daftarini kabisa. Maumivu ya nyonga hubadilika ukibadilisha mkao. Yakianza kuja na kuondoka kwa mpangilio huku tumbo likikaza, na hujafika wiki 37, nenda hospitali palepale. Vivyo hivyo ukiona damu au maji yakikutoka, ukipata homa, ukikojoa kwa maumivu au upande wa figo ukiuma, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu. Na ukifa ganzi sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu, au mkojo ukikutoka au kukataa kutoka ghafla, usisubiri asubuhi.

Dawa nazo tahadhari. Parasetamoli ndiyo ya kwanza, kwa kipimo ulichoelekezwa kliniki. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue mwenyewe duka la dawa hata kama jirani zilimsaidia. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Usiku wa leo jaribu hivi. Kunja magoti yote mawili, weka mto katikati uubane, halafu mabega, nyonga na magoti vigeuke pamoja kwa mara moja. Vile vituo vyako vinaiacha nyonga ikisokotwa, juu kwenda huku na chini kubaki kule. Nguo ya ndani vaa ukiwa umekaa. Kanyaga kwa miguu yote miwili, na kila ukimaliza mshono mrefu inuka utembee mpaka mlangoni na kurudi. Mkanda uzunguke chini, usawa wa nyonga, usipande kwenye tumbo. Haya nayo yaandike siku uliyoyaanza, tuone safu ya kugeuka kitandani inasema nini.

Ukishajifungua usilitupe daftari. Kwa wengi maumivu haya hupungua sana ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Endelea kuandika hata mara moja kwa wiki wakati unakunywa mtori, na kama miezi mitatu ikipita na kugeuka kitandani bado ni 5, rudi kwa fizio na kurasa zako.

Jumatatu jioni andika mstari wa kwanza. Ukifika wiki ya 32 niandikie tena, unitajie namba nne tu: kiuno, nyonga, wastani wa kazi zako tatu, na ile ya kuinua mguu. Nitazisubiri.